Kupona Baada ya Kuinuliwa Matiti Yenye Vipandikizi

Kipandikizi, kiwe cha silikoni au cha maji ya chumvi, hunyoosha ngozi ya titi na kupunguza unene wa tishu zinazokifunika. Kwa hiyo, titi hilo linapoinuliwa baadaye, njia za damu ziendazo kwenye chuchu huwa chache, na kupona huhitaji uangalifu zaidi.

Uvimbe, michubuko na ganzi ya chuchu ni mambo ya kawaida katika siku za mwanzo. Mgonjwa avae sidiria ya kushikilia matiti kama alivyoelekezwa, alale chali, na asinyanyue ndoo ya maji wala kumbeba mtoto mpaka daktari amruhusu, aghalabu baada ya wiki 4 hadi 6. Asivute sigara kabisa, kwani nikotini hubana mishipa ya damu.

Chuchu ikibadilika rangi, titi moja likivimba ghafla, au zikitokea homa na usaha, arudi hospitalini siku hiyohiyo. Kwa ngozi nyeusi, badiliko la rangi huweza kufichika. Chuchu zote mbili zilinganishwe kila siku kwenye mwanga wa mchana. Tishu iliyokosa damu ikishakufa, hairudishiki.