Ufuatiliaji wa Mabadiliko Ndani ya Kontena la Programu: Uwezo na Mipaka Yake

Sehemu hii inafafanua namna mabadiliko yaliyofanywa ndani ya kontena la programu linaloendelea kufanya kazi yanavyobainishwa, kwa kurejelea Docker, iliyotolewa kwa umma mwaka 2013.

Kontena huanzishwa kutokana na taswira, yaani matabaka ya mafaili yasiyobadilika, ambayo juu yake huwekwa tabaka moja linaloandikika. Katika OverlayFS, mfumo wa mafaili ulioingizwa katika kiini cha Linux toleo la 3.18 mwaka 2014, faili la tabaka la chini linapohaririwa hunakiliwa kwanza hadi tabaka la juu, kisha nakala hiyo ndiyo hubadilishwa. Faili linapofutwa, taswira haiguswi. Tabaka la juu huwekewa alama inayolificha faili hilo.

Amri ya docker diff huorodhesha tofauti hizo kwa herufi tatu: A kwa kilichoongezwa, C kwa kilichobadilishwa na D kwa kilichofutwa. Ikumbukwe kwamba saraka nayo huweza kuwekewa C kwa sababu tu kilichomo ndani yake kimebadilika.

Hata hivyo, orodha hiyo ni ulinganisho wa hali mbili, si historia. Haionyeshi nani aliyebadilisha, lini, wala maneno gani yalibadilishwa. Faili lililoundwa kisha likafutwa kabla ya amri kutolewa halionekani. Aidha, data iliyo katika hifadhi ya nje iliyounganishwa na kontena haiorodheshwi, wala haichukuliwi na amri ya docker commit.

Mipaka hii ina uzito katika uchunguzi wa uvamizi. Tuchukulie kwamba mvamizi amepandikiza faili katika kontena la tovuti. Msimamizi akilifuta kontena na kuanzisha jingine, huduma hurejea, lakini tabaka la juu hupotea pamoja na ushahidi. Kulisimamisha tu hakulifuti tabaka hilo, ingawa yaliyomo katika kumbukumbu ya muda ya michakato hupotea. Kwa hiyo, kontena lihifadhiwe kwanza, hifadhi za nje zinakiliwe kando, ndipo huduma irejeshwe kwa kontena jipya.

Pale inapohitajika historia yenyewe, ukaguzi wa miito ya mfumo katika kiini cha Linux hauna budi kuwashwa kabla ya tukio. Docker diff haiwezi kuijenga upya baadaye.