Mwanafunzi Mgeni Uingereza na Mkataba wa Miezi 24

Anayetoka Dar es Salaam au Nairobi kwenda Uingereza kusoma shahada ya uzamili kwa kawaida hukaa huko mwaka mmoja hivi, ilhali mikataba mingi ya simu ni ya miezi 24. Hesabu hiyo peke yake inatosha kumfanya aikatae. Laini inayomfaa ni ya kulipia kabla: ananunua kifurushi cha siku 30, akitaka kuacha anaacha. Haimdai historia ya mikopo, kitu ambacho mgeni hana anapotua. Wala hahitaji GB nyingi, kwa kuwa vyuoni kuna Wi-Fi ya eduroam. Aangalie zaidi bei ya dakika za kupiga nyumbani, maana bibi mwenye kitochi hapatikani WhatsApp, na kifurushi kuitwa cha kimataifa si hakikisho kwamba Tanzania au Kenya imo. Laini ya nyumbani asiitupe; aiache kwenye simu, data ikiwa imezimwa, ipokee ujumbe wa benki na M-Pesa.

Wapo watakaosema mkataba huja na simu mpya bure. Si bure: bei yake imo ndani ya malipo ya kila mwezi, na anayevunja mkataba mapema hutozwa. Wengine watasema mkataba humjengea mtu sifa kwa wakopeshaji. Hoja hiyo ina uzito kwa anayekwenda kusoma miaka mitatu au zaidi, na hata yeye anaweza kusubiri hadi muhula wa pili.