Kuku Mgeni Hakosi Kamba Mguuni



Twapenda kuzungumza nanyi khabari ya kuku. Huenda mtu akauliza: kuku na karafuu, wapi na wapi? Jawabu ni kuwa kila mmoja wetu ajua mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Mwaka mmoja majamvi hayatoshi, na mwaka wa pili mtu huchuma pishi za kuhesabu. Mwaka kama huo sukari na madaftari ya watoto hutoka tunduni.

Siku hizi imekuwa desturi kuona makundi mawili ya kuku katika shamba moja. Mama ana kuku wake wa kienyeji, kishingo na kuchi, wanaojitafutia chini ya mikarafuu. Kijana wake naye ameleta kuku wa mayai, amewafungia bandani. Kila mmoja adhani kuku wake wako mbali na wa mwenziwe. Hatukatai makundi mawili, lakini wavu peke yake hautengi. Kideri husafiri kwa ndara, kwa mikono, kwa chombo cha maji na kwa tenga lililotoka sokoni. Nacho hakina dawa. Kuku huzubaa, huhara kijani, hupinda shingo, na kundi zima laweza kwisha kwa siku chache.

Basi yatupasa kushika mambo haya.

Kwanza, kuku mgeni asiingie katika kundi lo lote siku ile ile. Wahenga walisema hakosi kamba mguuni, na kamba hiyo ina faida. Mweke peke yake, mbali na wenyeji, kwa siku 21. Hesabu si ngumu: ndizo siku ambazo koo hulalia mayai yake mpaka yakaanguliwa.

Pili, kazi iende kwa taratibu. Anza na vifaranga, kisha kuku wakubwa walio wazima, kisha wageni, na mgonjwa awe wa mwisho. Ukisharudi kwa mgonjwa, nawa kwa sabuni. Kila kundi liwe na vyombo vyake, na ndara za bandani zibaki bandani.

Tatu, chakula kisichanganywe. Chakula cha kuku wanaotaga kina chokaa nyingi kwa ajili ya ganda la yai, na vifaranga wakilishwa hicho huharibika mafigo.

Nne, majogoo wa makundi mawili wasionane. Kuchi khasa hatavumilia. Atapigana na mwenziwe hata kwa kupitia wavu. Ziba sehemu ya chini kwa makuti.

Tano, chanjo. Ipo chanjo ya kideri ya tone moja jichoni, nayo hurudiwa kila miezi mitatu. Huchanjwa kuku wazima tu. Kichupa kimoja chatosha kuku wengi, na kikishafunguliwa hakiwekwi akiba. Kwa hivyo mama na kijana, na jirani pia, wachanje siku moja. Kuchanja kundi moja na kuacha la pili ni kufunga mlango na kuacha dirisha wazi. Mshaurini bwana mifugo.

Msimu wa kuchuma ndio wa kuangaliwa zaidi. Watu huja kupiga dago na kuku wao wa kitoweo, nasi usiku tumo katika kuchambua, hapana anayekumbuka tundu. Kuku wa wageni wawe na mahali pao, na wote wazuiliwe wasipekue majamvi ya karafuu.

La mwisho ndilo kubwa. Kuku wa mama akizubaa asubuhi, asione haya kumwambia kijana, wala kijana asimfiche mama. Aliyekufa azikwe chini sana, asitupwe kichakani. Na mgonjwa asipelekwe sokoni, kwani huko atanunuliwa na mwanachama mwenzetu. Matundu ni mawili, lakini shamba ni moja, na hasara ikiingia haiulizi mwenyewe ni nani.

Wabillahi taufiq.

Katibu