Leo sokoni, keshokutwa jalalani

Mama anayerudi kutoka soko la Kariakoo na kapu lake amelipia kila kilichomo, nyanya itakayoliwa na ile itakayooza. Muuza genge harudishi fedha. Kwa hiyo juma hili nimeona tujiulize: matunda na mboga hukaa siku ngapi nyumbani?

Tunda lililochumwa bado ni kitu hai. Linaendelea kuvuta hewa, kupoteza maji na kuzeeka, na joto huharakisha kazi hiyo. Mchicha una majani laini, hivyo nje ya jokofu uliwe siku ile ile. Ndani ya jokofu hukaa siku 3 hadi 5. Nyanya zilizoiva, kwa joto la pwani, zihesabie siku 3 au 4. Kabichi nzima huvumilia juma zima. Vitunguu vilivyokauka vizuri hufika mwezi na kuzidi.

Jambo la pili ni ujirani. Ndizi mbivu, maembe na maparachichi hutoa gesi iitwayo ethilini, ambayo huivisha matunda. Wazee wetu waliovundika ndizi waliitumia bila kuijua jina. Lakini gesi hiyo hiyo huyafanya majani ya mchicha na matango yageuke manjano mapema. Basi yatenganishwe. Viazi navyo vikae gizani, mbali na vitunguu. Kiazi kilichogeuka kijani kwa mwanga huweza kuwa na sumu, na kukichemsha hakuiondoi.

La tatu ni maji. Mboga iliyooshwa ikawekwa mbichi huoza upesi. Ioshwe wakati wa kupika. Na tunda laini lililoota ukungu litupwe lote, lisikatwe upande.

Najua sado ya nyanya ni nafuu kuliko mafungu. Lakini nusu yake ikioza, unafuu uko wapi? Asiye na jokofu asione haya kununua fungu moja la leo. Hata mwenye jokofu akumbuke kwamba umeme ukikatika kutwa nzima, jokofu hilo ni kabati tu.

Kwa hiyo, msikilizaji, panga mapishi yako kwa kufuata kinachowahi kuharibika: mchicha kwanza, nyanya zifuate, kabichi na vitunguu vingoje. Kabla hatujalaumu bei ya soko, tutazame kwanza kona ya jiko letu.