Kufundisha Utunzaji wa Injini Ndogo za Shambani

Katika vihamba vya Uchagani, kuanzia Kiboriloni hadi vijiji vya Old Moshi vilivyo juu yake, mkulima hupanda migomba, kahawa na miti ya kivuli pamoja. Miti hiyo haina budi kupunguzwa matawi ili kahawa ipate mwanga, na mingine hukatwa ipate kuwa mbao na kuni. Kazi iliyokuwa ya shoka na panga sasa mara nyingi hufanywa kwa msumeno wa mnyororo uendeshwao kwa injini ndogo. Injini ndogo huendesha pia pampu za maji na mabomba ya kunyunyizia dawa. Yafaa basi tujiulize: je, shule zetu zinamwandaa kijana kuzitunza mashine hizi, au kuzitazama tu?

Swali hili lilitujia tulipokuwa tukisimamia mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya eneo hili. Mwanachuo wetu alifundisha injini ya mipigo miwili kwa bidii. Mchoro wa ubaoni ulikuwa safi, na wanafunzi walikariri majina ya sehemu zote bila kosa. Juma lililofuata, kijana aliyepata alama za juu aliagizwa nyumbani kujaza msumeno wa baba yake. Akajaza petroli tupu. Injini ilinguruma vizuri kwa muda mfupi, kisha ikazima isiwake tena. Pistoni ilikuwa imenata ndani ya silinda. Mashine iliyokuwa ikilipa ada za nyumba ile ikawa chuma tu. Tulipomwuliza kijana, alijibu kwamba hakuna aliyemwambia oili inakaa wapi. Alisema kweli. Sisi tuliokagua andalio la somo hatukuwa tumeuliza pia.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea, alisisitiza kwamba elimu ya shuleni isitengwe na maisha ya mkulima. Kukariri majina ya sehemu za injini ni kutengana huko huko, hata kama somo limeitwa la ufundi. Kwa hiyo twapendekeza mpango ufuatao.

Hatua ya kwanza: Sababu itangulie jina

Mwalimu aanze kwa swali moja: oili ya injini hii inakaa wapi? Injini ya mipigo minne ina chombo chake cha oili, ambacho hukaguliwa kabla ya kuwasha. Injini ya mipigo miwili ya msumeno haina chombo hicho. Petroli ndiyo inayobeba oili hadi kwenye pistoni na beringi. Oili ikikosekana, chuma husuguana na chuma. Mwanafunzi akielewa jambo hili, hatasahau kuchanganya. Vilevile hatadhani kwamba oili iliyo katika tangi la mnyororo huilainisha injini, kwani hiyo ni ya mnyororo peke yake.

Hapo hesabu iingie. Kiwanda kikiagiza sehemu 1 ya oili kwa sehemu 50 za petroli, lita 5 za petroli zitahitaji oili mililita 100. Kikiagiza 1 kwa 25, zitahitajika mililita 200. Wanafunzi wapime kwanza kwa maji na chupa zenye alama, wala si kwa petroli.

Hatua ya pili: Kusoma dalili

Mwalimu akusanye plagi kuukuu kutoka kwa mafundi wa jirani, azigawe kwa vikundi. Plagi yenye rangi ya kahawia hafifu hutoka katika injini yenye afya. Iliyo nyeusi na yenye masizi huonyesha mafuta mengi mno au chujio la hewa lililoziba. Iliyo nyeupe huonya kwamba injini inapata joto kupita kiasi, pengine kwa uhaba wa mafuta. Isiendelee kutumika hadi sababu ijulikane. Kila kikundi kieleze kilichoona kabla ya mwalimu kutoa jibu.

Mlima wenyewe ni zana ya kufundishia. Mji wa Moshi uko kwenye mwinuko wa mita 800 hadi 900 hivi, na vihamba vya juu hupita mita 1,500. Kadiri tunavyopanda, hewa huwa nyepesi. Msumeno uliorekebishwa kabureta chini, ukipelekwa juu, hupata mafuta mengi kuliko hewa. Hutoa moshi na kulegea. Uliorekebishwa juu ukiteremshwa, hupata mafuta machache, hupata joto, na waweza kuharibika. Baadhi ya misumeno ya siku hizi hujirekebisha yenyewe, lakini mingi bado hungoja mkono wa fundi.

Hatua ya tatu: Mnyororo

Mnyororo mkali hutoa vipande vya mbao. Mnyororo butu hutoa vumbi. Anayeona vumbi asikandamize msumeno, bali asimame anoe. Tupa ya mviringo iwe ya kipenyo kinachoagizwa kwa mnyororo huo, kwa mfano milimita 4.0 au 4.8, na kila jino lipigwe idadi ile ile ya tupa kwa pembe ile ile. Meno ya upande mmoja yakiwa mafupi kuliko ya pili, msumeno hukata kwa kupinda.

Tahadhari

Wanafunzi washughulikie mashine iliyozimwa, iliyopoa, na ambayo waya wa plagi umeondolewa. Glavu zivaliwe wakati wa kushika mnyororo. Petroli isimiminwe karibu na moto wala juu ya injini yenye joto. Kukata miti si kazi ya mwanafunzi. Ni ya mtu mzima aliyefunzwa, mwenye kofia ngumu, kinga ya macho, masikio na miguu, na kibali pale kinapotakiwa.

Upimaji

Mwishoni, badala ya kuuliza majina kumi ya sehemu, mwalimu aweke mezani chujio chafu, plagi nyeusi na mnyororo butu, kisha aulize: mwenye mashine hii angelalamika nini, nawe ungeanzia wapi? Jibu lenye sababu lipewe alama nyingi kuliko jina lililokaririwa.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mililita 100 za oili ni ufa mdogo sana. Kijana yule alishinda mtihani wetu, akashindwa na mashine ya baba yake. Basi kosa tulitafute kwanza katika andalio la somo, ndipo tumtazame mwanafunzi.