Ukoka, Upepo na Mpira Mdogo

Mtu wa Tarime anayetaka kwenda kucheza gofu pwani aghalabu huvukia Sirari, akashika njia ya Kisii na Narok hadi Nairobi, na kesho yake akapanda treni ya Mombasa. Na safari nzima wasafiri wenziwe hawataacha kumuuliza kuna nini ndani ya ule mkoba mrefu alioukumbatia mithili ya mtoto mgonjwa. Mimi niliulizwa mara nne, na mara ya tano nikajibu kwamba ni fimbo, jawabu ambalo kwetu lisingehitaji ufafanuzi, kwani sisi tuliolelewa nyuma ya ng'ombe hatumshangai mtu mwenye fimbo. Tungeshangaa tu kwamba amebeba kumi na nne.

Ulikuwa mwezi wa Januari, na kaskazi ilikuwa imeshika. Katika shimo la tatu la uwanja mmoja ulio juu ya bahari niliurusha mpira juu sana, kama nilivyozoea bara ambako upepo hauna hila. Ukapanda, ukasimama angani kitambo kama mwewe anayetazama vifaranga, kisha ukageuka taratibu ukashika njia ya majini. Kedi wangu, yaani mbeba fimbo, kijana wa rika la mwanangu, hakucheka. Alinipa mpira mwingine, akachomoa fimbo yenye uso uliosimama zaidi, akaniambia: "Mzee, hapa mpira haurushwi, unatambazwa. Upige chini, ardhi itaupeleka yenyewe."

Kwa maneno hayo machache alikuwa amenisomesha linksi bila ya kulitaja jina lake. Linksi lilikuwa jina la ardhi kabla halijawa jina la uwanja: ndivyo Waskochi walivyoliita lile eneo la vilima vya mchanga lililo baina ya bahari na mashamba, ardhi dhaifu isiyokubali jembe, ambayo kwa sababu hiyo iliachiwa kondoo na watu wenye wasaa. Majani yake ni mafupi, mchanga ulio chini hunywa mvua upesi, hivyo ardhi hubaki ngumu na mpira ukianguka huendelea kubingirika. Miti hakuna, na upepo haupati wa kuuzuia. Hata yale mashimo ya mchanga yanayomtoa mchezaji jasho, ambayo wenyewe huyaita banka, husemwa kuwa asili yake ni malazi ya kondoo waliojichimbia kujikinga na baridi. Mchezo wa gofu uliwateka Waskochi kiasi kwamba mwaka 1457, katika zama za Mfalme James wa Pili, bunge lao liliupiga marufuku kwa kuwa vijana walikuwa wakiacha mazoezi ya upinde. Marufuku ambayo dhahiri haikufaulu, kwani mwaka 1764 mji wa St Andrews ulikuwa ukipunguza mashimo ya mzunguko mmoja kutoka 22 hadi 18, idadi ambayo dunia nzima imeifuata.

Viwanja vya linksi vya zama hizi ni habari nyingine. Bandon Dunes wa Oregon, Marekani, uliofunguliwa mwaka 1999 kwa michoro ya Mskochi David McLay Kidd, ulibahatika kupata vilima vya mchanga vya kweli, na mpaka leo mchezaji huko hutembea kwa miguu yake, hapandi kigari. Lakini Kingsbarns wa Uskochi, uliofuata mwaka 2000, sehemu yake kubwa ilikuwa shamba tu, na mawimbi ya ardhi ambayo mgeni angeapa kuwa ni kazi ya upepo wa karne nyingi yalifinyangwa kwa matingatinga, kwa maagizo ya Mmarekani Kyle Phillips.

Pwani yetu sisi, tukisema kweli, haina linksi. Chini ni matumbawe, juu ni minazi na mibuyu. Uwanja wa Vipingo, baina ya Mombasa na Kilifi, ambako Mjerumani Esther Henseleit alishinda mashindano ya wanawake wa kulipwa mwaka 2019 na tena 2022, umekaa juu ya mwinuko, na jina lake la Kiingereza ni la mbuyu. Klabu ya Gofu ya Mombasa, iliyoasisiwa mwaka 1911, yenye mashimo tisa tu juu ya magenge yanayotazama Bahari ya Hindi, ndiyo inayokaribia, nayo kwa upepo wake, si kwa mchanga.

Isitoshe, majani ya Uskochi hayastahimili jua letu, na viwanja vya nchi za joto aghalabu hupandwa ukoka: ukoka ule ule tunaoung'oa katika mahindi huku tukiulaani. Wazungu waliupa jina la kisiwa cha Bermuda, ilhali kwao ni huku. Na wataalamu wa Tifton, Georgia, waliuzalisha na nduguye wa Afrika Kusini wakapata jani laini la kuzungushia mashimo.

Hapo ndipo fikra zangu ziliporudi nyumbani. Samuel McNaughton, aliyechunguza malisho ya Serengeti tangu miaka ya 1970, alionyesha kuwa nyumbu wanapolila jani mara kwa mara hawaliui, bali hulifanya litambae, lifungamane na kuchipua upya, hata mbuga ikawa kama zulia. Na ukoka umo miongoni mwa majani hayo. Kondoo wa Uskochi na nyumbu wetu ni mafundi wa kazi moja, na kwa rai yangu mtu wa Mugumu, kando ya Serengeti, yu karibu na linksi kuliko mtu wa Mombasa, ila tu amekosa bahari.

Nalo Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, likaingia kujenga uwanja wa mashimo 18 huko Fort Ikoma, wilayani Serengeti, ili mtalii aliyekwisha kumwona simba apate sababu ya kulala usiku mmoja zaidi. Sheria za gofu zimekwisha kujiandaa: mnyama akiusogeza mpira, hurudishwa ulipokuwa bila adhabu, na mpira ukilala karibu na mnyama wa hatari, mchezaji ana ruhusa ya kuucheza mahali pengine pa salama, madhali hajisogezi karibu zaidi na shimo. Ni umbali gani ulio salama kwa simba, sheria haikutaja. Hilo ataulizwa kedi wa Robanda, kijiji cha jirani.