Nyumba za Ibada Kabla ya Vuli

Msafiri ashukaye ukingo wa Bonde la Ufa kwenda Mai Mahiu huona kanisa dogo kando ya barabara. Lilijengwa mwaka 1942 na Waitaliani, mateka wa vita, waliokuwa wakitengeneza barabara hiyo. Vita vilikwisha, wajenzi wakaenda zao. Kanisa lingali limesimama.

Karibu na hapo, huko Kijabe, wamisionari wa Africa Inland Mission walifungua kituo mwaka 1903. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani, aliweka jiwe la msingi la shule yao. Jiwe la msingi huwekwa siku moja mbele ya watu wengi. Lakini bati hukazwa msumari kila mwaka, wala hapana apigiwaye makofi.

Kazi hiyo yamfaa mmisionari mzee. Miguu isiyoweza tena safari ndefu za kuhubiri yaweza kuzunguka kanisa, na mkono uliozoea nyundo waweza kumfundisha kijana. Yafaa wakague mwezi wa Septemba: Je, mifereji imezibwa na majani? Mchwa wamefikia boriti? Maji ya paa yaelekea wapi? Udongo wetu wa majivu ya volkeno huchimbwa upesi na maji. Mwaka 2018, baada ya mvua kubwa, ufa mrefu ulifunuka karibu na Mai Mahiu ukaikata barabara ya Narok.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi wazee wa kanisa wasiwaachie wageni ngazi na brashi. Mgeni hujenga akaenda zake. Anayebaki ndiye anyeshewaye.